Mwokaji Asiyeonja Mkate

Nilirudi likizo nikakuta Baba amekonda na jokofu limenona.

Ndani ya jokofu mlikuwa na mayai, siagi, jibini, maparachichi, samaki, nyama yenye mafuta yake kamili, na majani ya kijani ya kila ukoo. Kilichokosekana ni kitu chochote ambacho mwanafunzi wa bweni hukiota katikati ya kipindi cha hesabu. Wali haukuwepo. Viazi havikuwepo. Hata karoti zilikuwa zimehamishwa, kwa kuwa zilishukiwa kuwa na sukari. Na mkate, katika nyumba ya mwokaji mikate, ulikuwa haukanyagi kizingiti.

"Baba yako yuko keto," Mama alinieleza, kwa sauti ile watu wanayotumia kusema fulani yuko safarini. "Mafuta ruksa, wanga marufuku."

"Atarudi lini?"

"Muulize mwenyewe, kama una roho mbili."

Sikumuuliza. Nina roho moja na bado naitumia.

Haki isemwe, Baba alikuwa na sababu. Daktari alikuwa amemwambia kwamba sukari imeshapiga hodi, bado tu haijakaribishwa ndani. Babu yetu, ambaye naye alikuwa mwokaji, na katika duka hilihili, sukari ilianza kwa kumchukua macho, kisha mguu, kisha yeye mwenyewe. Baba ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumtembeza kati ya meza na oveni. Kwa hiyo siku ile ya daktari alirudi nyumbani, akavunja urafiki na wanga wote, wa karibu na wa mbali, na hakuuaga hata mmoja.

Na keto ilimsaidia, sitaidhulumu. Tumbo lililokuwa likimtangulia dukani sasa lilikuwa likifika naye kwa wakati mmoja. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amezipunguza suruali zake mpaka mifuko ya nyuma imekaribiana, inasalimiana. Vipimo vilikuwa vizuri. Lakini pumzi yake ilinuka kama tunda lililosahauliwa ndani ya begi, misuli ya miguu ilimkaza bila taarifa, na kuhusu chooni nitasema tu kwamba Mama alikuwa akimpa pole kupitia mlangoni. Zaidi ya yote, alikuwa mtu wa utani, amekuwa mtu wa matangazo. Alikuwa akisema "Kifunikeni hicho" na "Ondoeni hiyo", basi, mazungumzo yameisha.

Sasa niwaelezee desturi ya duka letu, maana ndiyo iliyotufikisha pabaya. Mikate ikitoka kwenye oveni, inaachwa ipoe kwanza. Kisha mwokaji anachukua mmoja, anaukata, anaubonyeza, anaunusa, anaula kipande huku amefumba macho. Akifumbua ndipo mlango wa duka unafunguliwa. Babu alikuwa akisema mkate usioujua kinywani usiupange rafuni, na tangu hapo hakuna mkate uliowahi kupangwa bila mwokaji wa ukoo huu kuutafuna.

Lakini mwokaji wa ukoo huu hali mkate tena.

Mwanzoni kazi ya kuonja alipewa Hamira. Huyu ni msaidizi wa Baba, kijana mkubwa mwenye mabega, aliyepewa jina hilo kwa sababu anaumuka upesi ukimtania. Tatizo ni kwamba Hamira hula pilipili kama watu wanavyokula karanga. Ulimi wake ulishastaafu. Alionja mkate ulioungua akasema una harufu nzuri ya moshi.

Ndipo Baba akanitazama mimi, binti yake, niliyekuwa nimerudi jana yake tu.

"Wewe utaonja," alisema. "Ulimi wa mtoto ni msafi."

Nilipiga magoti palepale kwenye unga, nikaomba niapishwe. Hakunitania wala hakunifukuza, ndipo nikajua mambo ni mazito. Nikajiapisha mwenyewe juu ya gunia, cheo nikakiita Mwonjaji Mkuu, na kila asubuhi baada ya hapo nikawa natoa hukumu kwa sauti ya hakimu: "Mahakama imeutafuna mkate huu kwa makini. Mahakama haioni kosa. Uachiwe huru, uende rafuni."

Jambo moja Baba alilisahau. Nilikuwa natoka bweni.

Shuleni kwetu mkate unafika Jumatatu na unaliwa hadi Ijumaa, mtu akiweza. Dirisha la bweni letu lililovunjika komeo limezuiwa kwa nusu mkate tangu muhula wa kwanza, na wala mvua haijaufanya lolote. Ulimi uliolelewa katika mazingira hayo haujui kukosoa, unajua kushukuru tu. Kila nilichowekewa mbele kikiwa laini na cha leo, nilikiona ni pepo ndogo.

Katikati ya wiki hiyo nilimfanyia Baba mzaha. Nilichukua sponji mpya ya kuoshea vyombo, rangi ya manjano iliyopauka, nikaikata umbo la kipande cha mkate, nikaichoma kidogo pembeni kwa kiberiti, nikaipaka siagi hadi kwenye kona, nikaiweka karibu na mayai yake. Nilijificha nyuma ya mlango nikisubiri kishindo.

Baba alikaa. Akaiona. Akaichukua kwa vidole viwili, akaigeuza, akaileta puani. Alijua ni sponji. Mtu aliyekanda unga maisha yake yote hadanganyiki na sponji. Lakini hakuiweka chini upesi. Aliishika kama mtu anayesoma barua.

"Siagi umeipaka vizuri," alisema bila kugeuka. "Mpaka kwenye kona."

Nilitoka nyuma ya mlango, nikaipokea sponji, nikaenda kuioshea vyombo.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kliniki. Tulikwenda watatu. Mshauri wa lishe alikuwa dada mmoja mwenye miwani mikubwa, na chumba chake kilikuwa na meza, mizani na bango la matunda ambalo Baba alilipa mgongo. Alisoma majibu ya vipimo, akayasoma tena, akatabasamu.

"Hongera sana, baba yangu. Sasa tulegeze."

"Tulegeze nini?"

"Kamba. Umeikaza vizuri, na imefanya kazi yake. Jipu likishakamuliwa likapona, mtu haendelei kulikamua. Misuli inakukaza, choo hupati, mama hapa anasema hulali. Turudishe wanga kidogo kidogo. Hatusemi urudi ulikotoka. Tunasema kidogo, cha maana, kwa mpango."

"Mlevi aliyeacha haonjeshwi."

"Mkate si pombe."

"Kwako," Baba alisema.

Yule dada hakukasirika. Akamwelekeza polepole, na Mama akimeza kila neno. Aanze na kitu kimoja tu, maharage kidogo au nusu chungwa au kipande kimoja cha mkate wa ngano isiyokobolewa. Akae nacho siku kadhaa kabla ya kuongeza kingine. Wanga usitumwe njiani peke yake, utanguliwe na yai na mboga. Baada ya saa mbili apime, aone mwili umesemaje. Mwili ukinuna, apunguze. Ukinyamaza, aendelee.

"Nimesikia," Baba alisema, na sote tulijua maana ya neno hilo likitoka kwa Baba. Maana yake ni hapana.

Njiani Mama alishindwa kuvumilia.

"Mume wangu, kilo umezipunguza wewe, lakini na mimi nimepunguziwa. Nimepunguziwa mume. Huongei, huchezi na mtoto, ukipita karibu na duka lako mwenyewe unaziba pua."

"Unataka nirudi kama zamani?"

"Nataka urudi. Ya zamani yabaki hukohuko."

Baba alitembea mbele kidogo, na mguu ukamkaza, akaegemea ukuta wa watu kuusugua mguu.

Jumamosi ndiyo siku kubwa dukani, kila mtu mtaani hununua mkate wa wikiendi. Asubuhi hiyo Baba na Hamira walikuwa wanakanda. Chumvi hupimwa kwanza ikawekwa kwenye kibakuli pembeni, na anayekanda huimimina unga ukishaanza kushikana. Sasa katikati ya kukanda, mguu wa Baba ukamkaza kwa hasira zake zote, akashikilia meza. Hamira akaacha kila kitu akapiga magoti kumnyoosha. Walipoinuka, kila mmoja aliamini mwenzake ameshamimina. Mtu mmoja, nadhani ni mimi, alifuta meza akarudisha kibakuli kwenye ndoo ya chumvi kama kilivyo, na chumvi yake ndani, kwa kupenda usafi.

Mikate ile iliumuka kwa fujo. Ilipanda upesi ikajaa hewa, na ilipotoka kwenye oveni ilikuwa mikubwa, imepauka, kama watu walioogopeshwa. Baba aliikodolea macho.

"Imepauka."

"Ni joto la leo, Mzee, naapa," Hamira alisema.

"Mwonjaji?"

Nikala kipande. Kilikuwa laini. Kilikuwa cha leo. "Mahakama haioni kosa," nilitangaza, nikaomba kipande cha pili kwa ajili ya rufaa.

Mlango ukafunguliwa.

Haikuchukua muda Mama Mapacha akarudi. Huyu ni jirani, wanawe wawili hawajawahi kukataa chakula wala vitu ambavyo si chakula. Aliuweka mkate juu ya kaunta kama anayerudisha mtoto wa watu aliyejikojolea.

"Shemeji, mkate huu nimeukosea nini?"

"Una nini?" Baba aliuliza.

"Hauna! Hilo ndilo nalalamikia. Hauna chumvi hata ya kusingiziwa. Wanangu wameutema, na unawajua wanangu, wale wanakula chaki."

Nyuma yake akaja fundi baiskeli na mkate wake chini ya kwapa. "Na mimi hivyohivyo. Nilidhani ulimi umenifia nikaenda kulamba betri nihakikishe."

Watu wakaanza kujaa. Baba akanigeukia.

"Mwonjaji Mkuu?"

Nilisimama wima. Nikachukua kipande cha ushahidi, nikatafuna mbele ya umma. "Mheshimiwa, mkate ni mtamu."

"Huyu mtoto anasoma wapi?" Mama Mapacha aliuliza.

"Bweni," Hamira alisema.

Duka zima likaangua kicheko.

"Shemeji, umemweka fisi awe mkaguzi wa bucha!"

"Shuleni kwetu," nilijitetea, "mkate ukikatika bila msumeno tunauita keki."

Walicheka zaidi, lakini Baba hakucheka. Alikuwa anatazama rafu, mikate yote ile imejipanga, imepauka, ya jina lake na ya jina la baba yake. Na wakati huohuo oveni ikafunguliwa nyuma, Hamira akatoa mkupuo wa pili, ambao aliukanda peke yake.

"Hii nimetia chumvi, Mzee. Naapa."

"Hata asubuhi uliapa."

"Asubuhi niliapa nikiamini umetia wewe!"

"Tuonjeni sisi, yaishe," fundi baiskeli alisema akinyoosha mkono.

"Hapana." Sauti ya Baba ilikuwa ndogo. "Siku mteja atakaponiambia mkate wangu ukoje kabla sijaujua mimi, nitavua aproni nifunge mlango."

"Basi onja wewe," Mama Mapacha alimwambia, kwa upole sasa. "Si ndiyo kazi yako?"

Baba alishika kisu. Akakiweka. "Subirini ipoe," alisema, akapita mlango wa nyuma akaingia stoo.

Nilimfuata. Nilikuwa na mzaha mkononi, mzuri tu, kuhusu mahakama kuvunjwa. Nilimkuta amekaa juu ya gunia la unga, mikono kwenye magoti, nikaumeza mzaha wote.

"Baba, ungeonja tu ukatema."

"Nilijaribu hiyo," alisema. "Wiki ya kwanza ya keto. Nilisema nitatafuna niteme, kazi iende. Nikatafuna. Ulimi ukakataa kurudisha kitu. Nilipokuja kushtuka, nimesimama palepale kwenye meza, nimeshika ncha ya mwisho ya mkate mzima. Sikumbuki nilivyokula katikati." Akanitazama. "Siuogopi mkate, binti yangu. Naogopa kwamba mimi nikianza sina pa kusimama. Babu yako naye alikuwa akisema kipande kimoja tu. Alisema hivyo hata siku waliyomkata mguu."

Mama alikuwa amefika mlangoni, futikamba shingoni, pini mdomoni. Kelele za dukani zilikuwa zimemvuta kutoka kwenye cherehani. Alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye ukosi wake.

"Siku ile ulikuwa umekula nini kabla?" aliuliza.

"Sikuwa nimekula. Nilikuwa nafunga tangu jana yake, nikijikomoa."

"Ehee. Una njaa ya siku nzima, umesimama, hakuna anayekuona, na umejikataza mkate kama mke wa mtu. Nani angesimama hapo? Hata mimi ningekula na meza." Akamshika mkono, akamwinua. "Leo utakaa kwenye kiti. Utakula mayai yako na mboga yako kwanza, ushibe. Kisha nitakukatia kipande kimoja, mimi, na utakula mbele yetu. Ukinyoosha mkono kwa cha pili, nitakushona huo mkono kwenye shati."

"Na wateja?"

"Mkate haujapoa bado. Si ndiyo sheria yenu?"

Basi ikawa hivyo. Kiti kiliwekwa karibu na meza ya kukandia. Baba alikula mayai na mboga mbele ya watu, kwani mlango wa kati ulikuwa wazi na hakuna aliyeona haya kuchungulia. Alikula polepole kama mtu aliyeitwa shahidi. Mama Mapacha alimwomba fundi baiskeli asipumue kwa nguvu.

Kisha Mama akakata kipande. Si chembamba cha kumwonea huruma mtu, wala si kinene. Akakiweka kwenye sahani.

Baba alikibonyeza. Kikarudi juu. Alikinusa. Akakila akiwa amefumba macho.

Alitafuna muda mrefu hadi Hamira akaanza kuumuka pale alipokuwa. Mimi nilikuwa namwangalia Mama, naye alikuwa anaangalia mkono wa kulia wa Baba. Kipande kikaisha. Baba akafumbua macho, yana maji.

"Chumvi ipo," alisema.

"Niliapa!" Hamira alipiga kelele.

"Chumvi ipo, lakini maji umezidisha. Na upande wa kushoto wa oveni una baridi, mkate umeiva kwa shingo upande. Tangu lini?"

"Tangu... tangu muda, Mzee."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Hakuna aliyejua," Hamira alisema. "Mwenye kujua alikuwa keto."

Mkono wa kulia wa Baba ukanyooka. Mama alisogea hatua moja. Mkono ukaushika mkate uliobaki, ukakaza vidole, ukakaa hapo. Kisha Baba akauinua mkate, akauviringisha kwenye karatasi, akakunja ncha zake vizuri, akampelekea Mama Mapacha.

"Huu ni wa wanao, umekatwa kidogo. Waambie samahani."

"Chaki imekosa soko leo," Mama Mapacha alisema, akiukumbatia mkate.

Wengine nao wakabadilishiwa yao. Baba alirudi akaketi kwenye kile kiti, akaitazama mikono yake juu ya meza, yote miwili, mitupu.

"Nimesimama," alimwambia Mama, kama anayemweleza habari ya mtu mwingine.

"Umekaa," Mama alimjibu. "Ndiyo maana."

Saa mbili baadaye tulikusanyika kuzunguka kipima sukari kama ukoo unaosubiri wosia. Baba alijichoma kidole. Kile kidude kikafikiri, kikatoa namba ambayo Mama aliisoma, akamnyang'anya Hamira kopo la pilipili ili naye aje aisome. Ilikuwa namba ya kawaida kiasi cha kuchosha. Hamira alipiga makofi. Mimi nilitoa hotuba fupi ya kujiuzulu, ambayo haikusikilizwa na mtu.

"Kesho nusu chungwa," Baba alisema.

"Kesho hapana," Mama alisema. "Kimoja kimoja. Kaa na kipande hiki kwanza, siku kadhaa."

"Basi maharage wiki ijayo."

"Wiki ijayo tutaona mwili umesemaje."

"Kidogo tu."

"Kidogo, na mboga."

Alikubali bila kutoa tangazo lolote. Mama akarudi kwenye cherehani yake. Baba akafunga aproni, akaingia kwenye chumba cha oveni, na tukamsikia anaukagua ule upande wa kushoto, anagonga mabati, anamuuliza Hamira kama kwao huwa wanaoka kwa mwanga wa mwezi. Hamira akajibu kitu ambacho hatukukipata. Kisha Baba akacheka, kile kicheko chake cha zamani kinachoanzia tumboni, ingawa tumbo lenyewe limepungua. Cherehani ya chumba cha pili ikanyamaza. Mama alikuwa ameinua mguu kwenye pedali, anasikiliza.